Barua ya wazi kwa kamati za ujenzi wa Ihanja: msinunue udongo mliokuwa nao

Kwenu wajumbe wa kamati za ujenzi wa shule, zahanati na ofisi za vijiji katika kata ya Ihanja. Kwenu walimu wakuu na wakuu wa shule. Kwenu mafundi, na ninyi wenye malori. Nakala kwa waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Ikungi.

Ndugu zangu,

Nawaandikia nikiwa mkazi mwenzenu na mtu wa kitalu. Naotesha miche, napanda ukoka, natengeneza bustani za mbele ya majengo. Kwa kazi hiyo mimi huwa wa mwisho kufika kwenye jengo jipya, bati likiwa limeshapigwa, rangi imeshakauka na fedha zimebaki kidogo. Ninachokikuta hapo ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Uwanja mzima umekuwa udongo wa chini, mgumu, ulioshindiliwa na matairi, uliochanganyika na vipande vya tofali na saruji iliyomwagika. Ule udongo wa juu uliokuwa ukiotesha mtama na alizeti kabla fundi hajapiga kamba haupo tena. Umesukumiwa korongoni, au umejazwa ndani ya msingi, au umepakiwa na kupelekwa kusikojulikana. Kisha naulizwa: tulete tripu ngapi za udongo mweusi?

Nina ombi moja kwenu. Udongo wa juu wa kiwanja chenu utoeni kwanza, uwekeni pembeni, mje muurudishe. Na pale ambapo hakuna budi kununua, pimeni kabla ya kulipa, na muulize umechimbwa wapi.

Nianze na hesabu, kwa sababu kamati hukaa na hesabu kila siku na hii ndiyo isiyofanywa. Chukueni jengo la madarasa mawili na ofisi katikati, tuseme lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 9. Hizo ni mita za mraba 225. Udongo wa juu wenye rutuba kwenye miinuko yetu si mwingi. Tuuhesabu sentimita 15 tu. Zidisheni 225 kwa 0.15 mpate karibu mita za ujazo 34. Udongo ukichimbwa hufumuka, kwa hiyo hizo 34 zikipakiwa zinakuwa kama 42. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 5, hayo ni malori manane na zaidi, yaliyokuwa chini ya jengo lenu wenyewe. Mkiutandaza tena kwa kina cha sentimita 10 ukishatulia, utafunika zaidi ya mita za mraba 330 za bustani. Hakuna ofisi ya kijiji wala zahanati hapa kwetu inayohitaji bustani ya mapambo kubwa kuliko hiyo.

Sasa tazameni nchi nzima. Mwaka 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa likitengewa Sh milioni 20. Kazi ile ilikuwa kubwa na watoto wetu wanakaa humo leo. Tukilihesabu kila darasa kuwa la mita za mraba 60 tu, na udongo wa juu wa sentimita 15, chini ya misingi ile palikuwa na mita za ujazo 135,000 za udongo wa rutuba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaeleza kwamba sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujiunda. Tripu moja ya udongo huo ni kazi ya mvua, mizizi, mchwa na samadi tangu kabla ya babu wa babu zetu.

Kinachonitia moyo ni kwamba mamlaka mnayo ninyi. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, fedha za ujenzi hupita mikononi mwa kamati za wananchi, ndizo zinazonunua na kupokea vifaa na kusimamia mafundi. Mkandarasi kutoka mjini hahusiki. Mstari mmoja ukiongezwa kwenye makadirio, wa vibarua au trekta kukwangua sentimita 15 za juu na kuzilundika, umewekwa na ninyi wenyewe kabla kamba haijapigwa.

Namna ya kuuhifadhi si ngumu. Uondoeni wakati umekauka kiasi, si ukiwa tope, maana ukishindiliwa ukiwa mbichi unakuwa tofali. Lundo lisizidi mita mbili kwenda juu, ili wadudu na viumbe wadogo walio ndani wapate hewa. Liwe mbali na njia ya malori, na mbali na mahali pa kuchanganyia zege. Lifunikeni kwa majani makavu, au mvua zikiwa karibu pandeni kunde juu yake. Kunde itaushika udongo usisombwe na itauongezea nguvu. Na tafadhali, msiruhusu mtu autumie kujazia msingi. Udongo wa juu una mabaki ya mimea. Yakioza chini ya sakafu, udongo unatitia na sakafu inapasuka. Fundi mzuri anajua hilo, na anajua kwamba cha kujazia ndani ya msingi ni moramu au kifusi kisicho na majani.

Hilo lingefuatwa, sehemu kubwa ya barua hii isingehitajika. Lakini najua kuna majengo yaliyokwisha kujengwa, na udongo wake haurudi. Hapo ndipo suala la kununua linapokuja, na ndipo fedha za wananchi zinapopotea zaidi.

Anayeuza udongo anauza kwa tripu. Tripu si kipimo. Lori moja lina bodi fupi, jingine refu. Moja limejazwa hadi kingo, jingine limejazwa katikati tu likaachwa kando kando. Mtu akikuambia lori lake ni la tani saba, tani zenyewe hazisemi lolote mpaka ujue udongo umelowa au umekauka. Mita moja ya ujazo ya udongo wa juu mkavu uliofumuka ina uzito wa tani moja na robo hivi. Ukilowa unapita tani moja na nusu. Lori hilohilo la tani saba, udongo ukiwa mkavu, litaleta mita za ujazo tano na kitu. Ukiwa umenyeshewa, likibeba uzito wake halali, halifiki tano, na sehemu ya mlicholipia ni maji.

Kwa hiyo nunueni kwa mita ya ujazo. Chukueni tepu mpime bodi la lori kwa ndani: urefu, upana, na kina mpaka pale udongo ulipofika. Bodi la mita 4 kwa mita 2, udongo ukiwa umefika sentimita 60, ni mita za ujazo 4.8. Pimeni likifika kwenu, si likiwa shimoni linapopakiwa, kwa kuwa njia zetu zina mabonde na udongo hushuka safarini. Asiyekuwa na lori apime kwa vyombo vya nyumbani: debe la lita 20 linaingia mara 50 katika mita moja ya ujazo, na toroli ya kawaida kama mara 16. Mkokoteni wa ng'ombe nao una kuta, kuta zinapimika.

Upande wa bustani, kanuni ni hiyohiyo. Eneo zidisha kwa kina. Uwanja wa ukoka wa mita 20 kwa 10 ni mita za mraba 200. Ukoka unataka angalau sentimita 10 za udongo mzuri, kwa hiyo ni mita za ujazo 20. Wengi huishia hapo, wakanunua malori manne ya mita tano, na mwezi wa pili uwanja unaonekana umepungua, lawama zikamwangukia mwenye lori kwamba ameiba. Inawezekana hakuiba. Udongo uliofumuka ukimwagiliwa na kukanyagwa hupoteza kama sehemu moja kati ya tano. Ili mbaki na mita 20 zilizotulia, nunueni 25. Kwa lori letu la mita tano, ni malori matano. Siyo manne, na siyo kumi kama fundi anayekisia kwa jicho atakavyowaambia.

Tuta la mboga ni hesabu nyepesi zaidi. Liwe na upana wa mita moja, ili anayepalilia aifikie katikati bila kukanyaga, urefu mita tano, kina sentimita 20. Ni mita moja ya ujazo kamili, madebe 50. Katika hayo, theluthi moja iwe samadi iliyoiva. Shule yenye matuta kumi inajua basi inahitaji nini hata kabla ya kumwita muuzaji, na ningefurahi walimu wa hisabati wawape wanafunzi kazi hiyo, wapime wenyewe na waandike jibu kwenye daftari la kamati. Kwa miti, shimo la sentimita 60 kila upande lina madebe 11 hivi. Hapo msinunue chochote. Mkichimba, udongo wa nusu ya juu uwekeni upande mmoja na wa chini upande mwingine. Uchanganyeni ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi, nao ndio uanze kurudi shimoni, kwenye mizizi.

Sasa nije kwenye rangi, kwa maana hapa watu wengi wema wanatapeliwa bila hata muuzaji kukusudia. Tumejengeka kuamini kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Kwa hiyo malori yanashuka mbugani, kwenye mabonde yanayoshika maji wakati wa masika, yanachota ule udongo mweusi kabisa, na mnunuzi anaupokea kwa furaha. Weusi wa mbuga mara nyingi ni mfinyanzi mzito. Ukilowa unanata kwenye jembe na maji hayapenyi. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na mizizi ya ukoka inakatikia humo. Ukiutandaza sentimita kumi juu ya ardhi yetu ya kichanga, umetengeneza sahani. Maji yanakaa juu, yanakauka juu, na mizizi haishuki. Nimeitwa mara nyingi kwenye bustani ya namna hiyo, nikaulizwa kwa nini ukoka unakufa na kila siku unamwagiliwa.

Wenzetu wa Nairobi wanakimbia upande wa pili. Kitengela na Syokimau, ambako ardhi ni ya mfinyanzi mweusi huohuo, wenye nyumba wananunua kwa lori udongo mwekundu wa Kiambu kwa ajili ya bustani zao. Sisi tulio na ardhi nyepesi ya rangi ya kahawia tunaukimbilia mweusi. Rangi peke yake haitoshi kuwa sababu ya kulipa.

Upimeni kwa mkono na kwa chupa. Lowesha konzi moja, ufinyange donge, kisha ulivingirishe liwe kamba. Lisiposhikana kabisa ni mchanga. Likitoa kamba ndefu unayoweza kuikunja pete bila kukatika, ni mfinyanzi. Udongo wa bustani unashikana donge, unatoa kamba fupi, kisha unakatika. Kwa chupa: jaza theluthi moja ya chupa ya kuonea ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja au mbili, tope laini linafuata kwa saa kadhaa, mfinyanzi unabaki umeyachafua maji hadi kesho yake. Ukiona tabaka la mfinyanzi limezidi nusu, mwachie muuzaji mzigo wake. Na kabla ya kununua malori mengi, omba ndoo moja. Panda mbegu tano za maharage kwenye kopo la udongo huo, na tano kwenye kopo la udongo wa shamba lako. Subiri siku kumi. Kama kuna chumvi au dawa kali ya magugu ndani yake, maharage yatakuonyesha kwa majani yake. Hapa Singida, ambako maziwa yetu Singida na Kindai yana maji ya chumvi na baadhi ya mabonde yanaacha ganda jeupe kiangazi, kipimo hicho si cha kudharau.

Maharage hayataonyesha kila kitu. Wilaya yetu ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na dhahabu inapokamatwa kwa zebaki, udongo unaobaki unabaki na zebaki. Msipokee udongo wowote wenye asili ya machimboni, wala marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, hata ukiwa laini na unapendeza, hasa kwa matuta ya mboga ya shule. Mwaka 2022 Wizara ya Kilimo iligawa vifaa vya kupima afya ya udongo kwa halmashauri. Kwa tindikali, naitrojeni na mengineyo, afisa ugani aombwe apime. Kwa mashaka makubwa zaidi zipo maabara za TARI Mlingano kule Tanga na za Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro.

Na kuna abiria wengine. Udongo wa shamba la mtama unaweza kuwa na mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa ardhini miaka zaidi ya kumi zikingoja mzizi wa mtama au mahindi. Ukiuhamishia kwenye shamba la shule, umehamisha njaa. Ndago nayo husafiri kwa vitunguu vyake. Kitunguu kimoja kwenye lori kinatosha kukusumbua miaka. Tazameni shamba udongo unakotoka wakati bado lina majani. Mkiona ndago au maua ya kiduha, tafuteni pengine.

Hapo tumefika kwenye swali ninaloliona zito kuliko yote: unakotoka. Udongo wa juu hautengenezwi kiwandani. Kila lori linaloingia kwenye bustani ya ofisi limeacha jeraha mahali. Mita za ujazo 25, zikikwanguliwa kwa kina cha sentimita 20, ni mita za mraba 125 za shamba la mtu. Anayekubali kuuza huwa amebanwa: ada ya mtoto, mgonjwa, mwaka wa mvua mbaya. Anapokea fedha mara moja, na kipande kile hakitampa mtama wa maana yeye wala wanawe. Simlaumu. Nalaumu sisi tunaonunua kwa ajili ya kupamba.

Mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alisafiri sehemu za Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 akitazama jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni. Alichokieleza kimeingia katika elimu ya udongo ya dunia nzima: udongo wa juu ya kilima, wa mteremko na wa mbugani umefungamana, maji yakihamisha kutoka mmoja kwenda mwingine. Mzee yeyote wa Kinyaturu analijua hilo kwa macho. Ukichimba shimo mbugani, maji yanatafuta shimo, mteremko unaanza kukatika, na korongo linapanda juu taratibu mpaka kwenye uwanja wa shule. Majirani zetu wa Kondoa walifikia pabaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika. Watu waliagana na ng'ombe wao ili ardhi ipone.

Sheria pia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, bwawa au ziwa. Mashimo mengi ya udongo mweusi yako ndani ya mita hizo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaruhusu kutungwa kwa sheria ndogo. Waheshimiwa madiwani, hapa ndipo ninapowaomba ninyi: pawepo sheria ndogo inayotaka kila lori la udongo wa juu liwe na stakabadhi inayotaja kijiji na shamba ulikotoka, na idhini ya halmashauri ya kijiji hicho. Mchanga na kokoto vinafuatiliwa kwa leseni na ushuru. Udongo unaotulisha unastahili walau karatasi moja.

Lakini ninachotaka mkikumbuke zaidi ya sheria ni samadi. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mtaalamu wa Marekani, Harold Schneider, aliyeishi na kuwachunguza Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, aliona wazi kwamba ng'ombe na nafaka hapa havitenganishiki, kwa sababu mbolea ya zizi ndiyo inayolitunza shamba. Bibi zetu hawakuhitaji kitabu. Walijua mtama wa karibu na boma unazidi wa mbali. Nendeni kwenye mahame yoyote, mahali kaya iliposimama zamani kabla watu hawajakusanywa vijijini na Operesheni Vijiji, mtazame mahindi yanavyokolea hapo hadi leo. Udongo ule haukununuliwa. Ulitengenezwa.

Bustani ya jengo inaweza kutengenezwa vilevile. Uwanja wetu wa mita za mraba 200 niliousema unahitaji mita za ujazo 25 za udongo wa kununua. Badala yake, pasueni ardhi iliyoshindiliwa kwa sururu au jembe la ng'ombe hadi sentimita 15 au 20, okoteni tofali na saruji, tandazeni sentimita 3 za samadi iliyoiva, muichanganye vizuri. Sentimita 3 kwa mita za mraba 200 ni mita za ujazo 6 tu. Ni lori moja na mikokoteni michache. Malori matano hayakwenda mbugani, na fedha imebaki kwa mfugaji wa hapahapa Ihanja. Mwaka wa kwanza ukoka utaenda polepole kidogo. Mwaka wa pili utawapita waliotandaza udongo mweusi, nimeliona hilo kwa macho yangu. Iwe samadi ya zizi la mwaka jana, iliyopoa, isiyo na harufu kali. Mbichi inaunguza na inaleta mbegu za magugu. Na mlipeni mwenye zizi bei ya haki, kwa kuwa na yeye ana shamba linaloingoja mbolea hiyo.

Kuhusu ukubwa wa bustani zenyewe nitasema kwa kifupi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote ni jua na upepo. Uwanja wa ukoka wa mita za mraba 200, ukipewa milimita 5 tu za maji kwa siku, unakunywa lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Mnajua ni nani anayetumwa kubeba madumu hayo, na mnajua foleni ya kisimani mwezi wa tisa ilivyo. Fanyeni ukoka uwe mdogo, mbele ya mlango na pembeni mwa njia ambako vumbi linasumbua. Eneo lililobaki lipeni miti ya kivuli na matunda, na matuta ya mboga pale maji ya kunawia yanapomwagikia. Kiongozi anayekuja kuzindua jengo hatapungukiwa heshima kwa kupokelewa chini ya mwembe.

Ndugu wenye malori, nisije nikaeleweka vibaya: sitaki mkose kazi. Bebeni samadi. Bebeni udongo wa juu unaotoka kwenye misingi na mitaro, muupeleke kwenye bustani zinazouhitaji, na mtangaze umetoka wapi. Mteja anayejua kupima atawarudia, kwa kuwa atakuwa amepata alicholipia.

Ndugu wajumbe, kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya ajenda ya saruji na nondo, ulizeni swali hili na mliandike kwenye muhtasari: sentimita 15 za juu za kiwanja hiki zitawekwa wapi? Jibu likipatikana, nipigieni simu au mtume mtoto. Nitakuja na tepu na kamba, tutapima pamoja, na kwa hilo sitawatoza kitu.

Wenu katika ujenzi wa kata yetu,

Mwenye kitalu cha miche, Ihanja